Nyuklia au jua na upepo? Tuanze na suala la muda

Wadau, mjadala huu wa vyanzo vya umeme ukiibuka, upande mmoja hukimbilia ajali za nyuklia za Chernobyl na Fukushima, upande wa pili hujibu kwamba jua likizama paneli hazina kazi. Mimi naomba tutazame saa kwanza, maana hewa ukaa ikishapanda angani hukaa karne nyingi, na kila mwaka wa kuchoma makaa ya mawe ni hasara isiyofidika.

Finland ilianza kujenga kinu cha nyuklia cha Olkiluoto 3 mwaka 2005. Uzalishaji wa kawaida ulianza 2023. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza kujengwa 2007, ikaingia kwenye gridi Desemba 2024, na gharama ilipita mbali makadirio ya awali ya euro bilioni 3.3. Na Ufaransa si wageni wa kazi hii. Takriban theluthi mbili ya umeme wao ni wa nyuklia! Shamba la umeme wa jua, vibali vikiwa tayari, husimama ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Mtanitajia kituo cha nyuklia cha Barakah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Ni kweli, vinu vinne vya aina moja vilivyojengwa kwa kufuatana vilikamilika, na mradi ule unastahili heshima. Hata hivyo kinu cha kwanza kilichukua miaka minane.

Kwa hiyo nasema fedha mpya zitangulie kwenye jua, upepo, betri na njia za kusafirisha umeme (hizi za mwisho husahaulika mno, na bila hizo umeme wa upepo hukwama ulikozalishwa).

Ila kufunga kinu kizima kinachofanya kazi salama, hapo siwaungi mkono wenzangu. Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023 huku mitambo ya makaa ya mawe ikiendelea kufuka moshi. Hilo linaniuma, kwa sababu ukihesabu tangu ujenzi hadi kubomolewa, hewa ukaa ya nyuklia kwa kila uniti ya umeme inakaribiana na ya upepo. Mpangilio ulipaswa kuwa kuzima makaa kwanza.

Swali langu ni kwa wenzangu wa jua na upepo: betri nyingi za gridi leo hutoa umeme kwa saa chache tu. Zikija wiki mbili za baridi, mawingu yametanda na upepo umelala, mnapendekeza nini badala ya gesi?