Kubadili marejeo kutoka APA kwenda Vancouver, nianzie wapi?

mswada_mezani
Wakuu habarini za humu. Nina makala niliipeleka jarida moja ikarudishwa kwa maelezo kwamba mada haiendani na wanachochapisha, sasa nataka niipeleke jarida lingine la mambo ya afya na hawa wanataka Vancouver, yaani namba, wakati mimi makala nzima iko APA, jina na mwaka ndani ya mabano, na marejeo yanazidi sitini na yote nimeyachapa kwa mkono kwenye Word, sijatumia programu yoyote. Naomba kujua, hizo namba zinafuata alfabeti au mtiririko wa maandishi? Chanzo kimoja nikikitaja mara tatu kinapata namba tatu? Afu kuna njia ya kubadilisha vyote kwa mkupuo au ndo nikae nipitie kimoja kimoja? Msimamizi wangu anataka iwe imeenda wiki ijayo.

kalamu_nyeusi
Pole mkuu, inawezekana kabisa ndani ya wiki.

Namba zinafuata mtiririko, alfabeti sahau. Cha kwanza kutajwa ni 1, na kikirudi ukurasa wa kumi bado ni 1 ileile. Angalia majedwali, chanzo kilichomo kwenye jedwali tu kinahesabiwa pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza kwenye maandishi, hata kama jedwali lenyewe umeliweka mwisho wa faili.

Nakusihi usiziandike namba kwa mkono. Mhakiki akikwambia ongeza chanzo kimoja kwenye utangulizi, namba zote zinazofuata zinasogea, utazirekebisha mpaka lini? Chukua Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni ya bure na inaingia ndani ya Word. Ila ujue haiwezi kusoma ulichochapa mwenyewe, kwa hiyo mkupuo unaoutaka wewe haupo, kila nukuu utaifuta na kuingiza mpya. Kuvijaza vyanzo ndo kurahisi, kopi DOI zako zote (ile namba ya utambulisho ya kila makala mtandaoni) ubandike kwa pamoja kwenye kile kitufe chenye picha ya kifimbo, vinakuja vyenyewe. Visivyo na DOI kama tasnifu na ripoti utajaza mwenyewe.

Na hapa ndo pazito, sentensi zako za APA zitakazovunjika. Kama umeandika "Watson na Crick (1953) walionyesha" halafu ukaweka namba mahali pa vyote, unabaki na "(1) walionyesha", sentensi haina mtenda. Jina liache kama maandishi ya kawaida, namba ndo ifuate: "Watson na Crick (1) walionyesha". Hamna programu itakayokufanyia hilo, pitia makala yote kwa macho, hasa sehemu ya mjadala maana huko ndo tunapenda kuanza sentensi na majina ya watu.

mhariri_wa_zamani
Naongezea kwa aliyosema kalamu_nyeusi. Kabla hujagusa chochote fungua mwongozo wa waandishi wa hilo jarida uusome mpaka mwisho. Majarida mengi siku hizi, yakiwemo mengi ya wachapishaji Elsevier na Taylor & Francis, utumaji wa kwanza yanapokea staili yoyote mradi iwe ileile kote na taarifa zimekamilika, staili yao wanaidai makala ikikaribia kukubaliwa. Ukikuta wako hivyo, tuma na APA yako, muda uutumie kwenye hoja.

Wakidai tangu mwanzo basi ujue Vancouver ya jarida moja si lazima ifanane na ya lingine. Mmoja anataka namba kwenye mabano ya duara, mwingine mabano ya mraba, mwingine juu ya mstari, wengine baada ya waandishi sita ndo uweke et al. (yaani "na wenzake"), wengine baada ya watatu. Shusha makala mbili tatu walizochapisha mwaka huu uweke pembeni ya yako. Kile cha Watson na Crick kwenye APA kinaanza "Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953)", kwenye Vancouver kinakuwa "Watson JD, Crick FHC" bila nukta wala mkato kabla ya herufi za kwanza, mwaka unahamia baada ya jina la jarida, na mwisho unasomeka "Nature. 1953;171(4356):737-8". Ona hizo kurasa, 737–738 imekuwa 737-8. Majina marefu ya majarida nayo yanafupishwa, New England Journal of Medicine inakuwa N Engl J Med, na usibuni kifupisho, tafuta kwenye katalogi ya NLM (Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani) au utiki kile kiboksi cha vifupisho vya MEDLINE ndani ya Zotero.

tembo_wa_data
Mbona mnamzungusha, abandike orodha yote ChatGPT aiambie ibadilishe, dakika moja kwisha

kalamu_nyeusi
@tembo_wa_data hapana ndugu yangu, kwenye marejeo usimshauri mtu hivyo. Hizo programu zinaweza kukubadilishia herufi ya jina, namba ya toleo au DOI na kwa macho ukaona kila kitu kiko sawa, na mara nyingine zinakuletea chanzo ambacho hakipo duniani. Mtu akibofya DOI ikampeleka kwenye makala nyingine kabisa, atakaeulizwa ni mwandishi. Jina la mtafiti mwenzako likikosewa na yeye kazi yake inapotea, hili sio jambo la kufanya kwa dakika moja.

mswada_mezani
Nashukuru sana wakuu. Mwongozo nimeusoma, wanataka Vancouver tangu mwanzo, mabano ya mraba. Zotero nimeweka na DOI zimeingia vizuri, ila ripoti ya WHO niliyojaza mwenyewe kwenye orodha inatokea "Organization WH", hii nairekebishaje?

mhariri_wa_zamani
Imelichukua shirika kama mtu, ikadhani Organization ni jina la ukoo. Pembeni ya sehemu ya mwandishi kuna kitufe kidogo cha kubadili kutoka visanduku viwili kwenda kimoja, bofya hicho uandike World Health Organization yote humo. Fanya hivyo kwa kila wizara na taasisi uliyonayo. Wanaotumia BibTeX, ule mfumo wa marejeo wa LaTeX, tatizo ni hilohilo, dawa yake ni mabano ya mawimbi mara mbili kuzunguka jina.

Ukiona Zotero imekuwekea alama nyekundu kwenye chanzo chochote usiipuuze, inachukua taarifa kwenye kanzidata ya Retraction Watch, maana yake makala hiyo imeshafutwa na walioichapisha. Soma sababu kwanza ndo uamue kama unaiacha.

kalamu_nyeusi
Na jarida likikutaka uondoe viunganishi vya programu (vile vinavyounganisha namba zako na Zotero) kwenye faili, seva kopi nyingine kwanza ndo uviondoe kwenye hiyo kopi. Ukishaviondoa namba zinakuwa maandishi ya kawaida, hazirudi tena, na marekebisho ya wahakiki utahitaji kuyafanya kwenye faili lenye viunganishi vyake.