Kama hujaiangalia muvi, nyamaza walioiangalia waongee

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu ni povu tupu, anayetafuta busara apite nyuzi za jirani. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la burudani, hapa hakuna burudani.

Nipo Mwanza, Nyamanoro. Tuna kijiwe chetu, watu watano, sita akija shem, mke wa mwenzetu mmoja. Tulikianza mwaka jana na wazo lilikuwa zuri kabisa: kila wiki mmoja anachagua muvi, wengine tunaiangalia kwa nafasi zetu au tunabanana sebuleni kwangu, halafu Jumapili jioni tunapanda kwenye mawe nyuma ya nyumba, upepo wa ziwani unapiga, tunaongea. Hakuna mchango, hakuna mwenyekiti, hakuna katiba. Sheria ni moja tu, uwe umeiangalia hiyo muvi.

Hiyo moja ndiyo imewashinda.

Nianze na Fundi, maana yeye ndiye kanifikisha hapa. Fundi pikipiki, rafiki yangu wa miaka mingi, tumesoma wote, siku nyingine tutaongelea mazuri yake. Fundi haangalii muvi, anaangalia vipande. Dakika moja moja TikTok, sauti ya roboti inasimulia "jamaa huyu alimuoa mwanamke huyu bila kujua kwamba..." Akishameza vipande vinane anajihesabu kamaliza. Na hangoji Jumapili! Ijumaa saa tano usiku anatupia voisi kwenye grupu: "Oyaa, kumbe mke ndiye muuaji!" Mimi nilikuwa nimebakiza dakika arobaini, bando la usiku nimenunua, chai ya tangawizi iko pembeni. Nilizima nikalala. Wazee walisema usimwage mtama kwenye kuku wengi. Huyu anamwaga gunia zima halafu anauliza mbona mmenuna.

Halafu kuna Dogo. Dogo anajaza flashi pale Makoroboi, singo mia tano, sizoni buku, na zote za kutafsiriwa. Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, nimekulia humo. Banda umiza la Mabatini, benchi za mbao, jenereta linanguruma nje na Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, ananguruma ndani. Walioanza na simu janja hawataelewa. Wale watafsiri hawakuwa wanatafsiri kitu, walikuwa wanatia viungo. Stelingi anakimbizwa na polisi Hong Kong, sisi tunaambiwa anadaiwa kodi na mama mwenye nyumba. Raha tupu. Mimi mwenyewe kwa miaka karibu kumi nilikuwa nawaambia watu kwamba kwenye muvi fulani ya ngumi yule adui ni baba wa kambo wa stelingi. Nimekuja kuiona yenyewe ukubwani, ina maandishi chini, hao watu hawana undugu hata wa kuombana chumvi. Undugu waliupata Tanzania. Nilicheka peke yangu kama mwehu, na kesho yake nikawaambia wenzangu jamani nilikuwa nawadanganya.

Dogo sasa. Wiki tatu zilizopita kabishana saa nzima kwamba stelingi alimsamehe adui kwa sababu wamenyonya ziwa moja. Tukarudisha nyuma. Muigizaji anafungua mdomo maneno mawili, DJ anayetafsiri anashusha aya nzima na salamu za watu wa Igoma juu yake. Namwambia Dogo, hayo ni ya DJ. Ananiambia DJ anajua Kichina kuliko wewe.

Wakuu, muvi ilikuwa ya Kikorea.

Hayo yote nilimeza. Kilichonikaba koo ni cha wiki hii.

Ilikuwa zamu yangu kuchagua, nikasema safari hii tuache ngumi na mapenzi, tuangalie ile inayotuhusu. Darwin's Nightmare, ya yule Mwaustria, Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Wa Mwanza wote mnaijua. Sangara, viwanda vya minofu, ndege za Ilyushin zinatua uwanja wetu na kuondoka na samaki kwenda Ulaya, na swali la muongozaji ni moja: zinakuja na nini, tupu au na silaha? Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu za ukweli. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani. Kuanzia hapo kila mtu mji huu ana msimamo kuhusu hiyo filamu. Kinyozi ana msimamo, konda ana msimamo. Muulize umeiangalia? Anakwambia "sijaiangalia ila naijua."

Ila naijua! Karibu miaka ishirini watu wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakitia machoni. Mimi pia nilikuwa humohumo, kwa hiyo nikasema tukate mzizi wa fitina. Nikaitafuta, nikaishusha, nikaita watu Jumamosi. Nilinunua sato wawili wakubwa, ugali wa kutosha, soda. Nataja gharama makusudi, msinione bahili, nataka mjue kwamba mtu alijipanga.

Inaanza na mwongoza ndege mnarani anahangaika na mdudu kwenye kioo. Fundi: "Hii ndiyo muvi yenyewe?" Dakika ya kumi, Mwalimu (mwenzetu mwingine, anafundisha sekondari, ana heshima zake) katoa simu anabishana na watu kuhusu matokeo ya mpira. Dakika ya ishirini Fundi kalala, mdomo wazi, mfupa wa sato mkononi. Dogo kauliza mara mbili kama ipo ya kutafsiriwa. Mzee wa Dagaa (anauza dagaa Kirumba, jina kapewa hapa kijiweni) kaondoka, kasema mkewe anaumwa. Mkewe nilimuona jioni hiyohiyo gengeni, anachagua nyanya, mzima wa afya.

Tuliobaki tunaangalia ni mimi na shem, mke wa Fundi. Alikuwa kamfuata mumewe tangu mwanzo, akakaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto mgongoni. Hakukohoa mpaka mwisho. Kuna pale panapoonyesha mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, yanaanikwa, funza wanatembea, mama anaongea kuhusu gesi na macho, shem akawa anasema peke yake taratibu, "eeh, eeh." Kuna yule dada rafiki wa marubani anayeimba wimbo wa "Tanzania", na baadaye tunaambiwa aliuawa. Nilimuona shem anajifuta na kanga. Kuna yule mlinzi wa usiku na mishale yake ya sumu, ambaye anaona vita ikija ni afadhali kwa sababu jeshini kuna kulipwa. Na kuna yule rubani ambaye mwishoni, tena kwa shida, anakiri aliwahi kupeleka mzigo wa vita Angola na kurudi na zabibu za kupelekwa Ulaya. Siyo Mwanza hiyo, ni Angola. Shikeni hapo, maana ndipo ubishi wote ulipo.

Mimi nilikuwa na yangu ya kusema, nimeyaandika hadi kwenye daftari. Kwanza, muongozaji anauliza kuhusu silaha filamu nzima na hatuonyeshi hata risasi moja ikishuka Mwanza. Anatuachia harufu. Sasa harufu ni ushahidi au siyo? Nilitaka tubishane hapo hadi giza. Pili, kwenye mji wake huo hakuna harusi, hakuna Jumapili, hakuna mtu anayecheka bila kuwa amelewa. Mimi mwaka ule nilikuwa mtoto hapahapa, tulikula mapanki, ni kweli, na mama aliyapika na nyanya chungu yakawa matamu, na jioni tulicheza mpira. Hiyo Mwanza haimo. Tatu, pamoja na hayo yote, hakudanganya kwamba minofu inapanda ndege na sisi tunabaki na mifupa. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa analilia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, anasema sangara aliyepandikizwa ziwani enzi za mkoloni kala furu wote na sasa watu wanakula mifupa yake. Hakuhitaji filamu ya mtu kujua hilo. Mnaona sasa? Mtu unaweza kuichukia na kuikubali filamu hiyohiyo moja. Hayo ndiyo maongezi niliyoyalipia sato.

Jumapili ikafika. Mawe yamepoa, ziwa limetulia. Nimefungua daftari.

Mwalimu akanitangulia. "Ile filamu ni ya wazungu kutuchafua. Imejaa uongo kuhusu silaha." Nikamuuliza Mwalimu, ni sehemu gani silaha zimeonyeshwa? Akasema nyingi tu. Nyingi tu! Dogo akasema kaona kipande kimoja kinatosha. Mzee wa Dagaa, aliyeondoka dakika ya thelathini na kitu, akatoa hotuba nzima kuhusu mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, kwamba leo bondo ndiyo dhahabu ya ziwa na Wachina wanalifuata, na filamu imekaa kimya. Hoja siyo mbaya, ila mzee, wewe ulijuaje imekaa kimya? Ulikuwa wapi? Na Fundi, aliyekoroma kuanzia dakika ya ishirini, akasema ukweli ni kwamba ndege zilileta bunduki, kila mtu anajua, mjomba wake alikuwa anabeba mizigo uwanja wa ndege.

Walisema yaleyale waliyokuwa wanayasema kabla, hata koma haikusogea. Ningewapa sato bila filamu tungefika palepale.

Hapo shem akafungua mdomo. Alisema hivi, nanukuu kama nilivyosikia: "Mimi yule mlinzi kanikumbusha marehemu baba. Alikuwa mlinzi wa godauni Igogo. Na yeye alikuwa anasema hivyohivyo, bora vita, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu."

Wakuu, nilipata baridi. Nimekaa na hiyo filamu siku nzima, nimejaza kurasa mbili, na sikuwa nimemuona yule mlinzi. Nilimuona kama mtu wa kushangaza wa kwenye filamu. Yeye alimuona kama baba mtu.

Na Fundi akamgeukia mkewe mbele ya watu: "Wewe unajua nini kuhusu muvi? Hapa tunaongelea mambo ya siasa." Wenzake wakacheka. Mwalimu naye akacheka, na yeye ndiye anayefundisha watoto wetu. Shem akachukua mtoto, akasema "haya, usiku mwema shemeji," akashuka kwenye mawe peke yake na tochi ya simu.

Mtu pekee aliyeangalia filamu mwanzo mwisho ukiniondoa mimi, ndiye aliyenyamazishwa. Na walionyamazisha ni mmoja aliyelala, mmoja aliyeondoka, mmoja aliyekuwa anabishana na simu na mmoja anayesubiri DJ amtafsirie. Nilifunga daftari. Nikawaambia maneno ambayo mods wakiyaona hapa nakula ban, kwa hiyo nayaacha.

Nyongeza 1: Naona mnaniuliza "kwani shem ana nini na wewe." Mna akili chafu. Mtu akisikiliza mwanamke anaongea tayari ana lake jambo? Pumzikeni.

Nyongeza 2: Mkuu uliyesema filamu ni burudani tu, kila mtu na maoni yake, nisikatae watu kujieleza. Sijakataa, hata kidogo. Iangalie halafu useme mbaya, useme imelala, useme yule Mwaustria ana chuki na sisi, nitakupigia makofi na soda nitakununulia. Mimi mwenyewe robo ya hayo nayasema. Ila ugali hujaonja utasemaje haujaiva?

Nyongeza 3: Anayeomba linki, sitoi, haya ni mambo ya hakimiliki na mimi nishashusha yangu, dhambi yangu inanitosha. Na wewe uliyeandika "nimesoma kichwa cha uzi tu ila nakubaliana na wewe," umenichekesha kwa hasira.

Taarifa ya mwisho kwa leo. Mzee wa Dagaa kapiga kaomba yaishe, kasema atarudi kuimalizia. Nimemwambia sato anakuja nao. Shem nimemtumia ujumbe kwamba wiki ijayo ni zamu yake kuchagua, hajajibu. Na Fundi sasa hivi katupia voisi kwenye grupu, dakika nne na sekunde kumi, chini kaweka vikatuni vya kucheka. Ni kuhusu muvi ya wiki ijayo, ambayo hata haijachaguliwa. Sifungui.