Tupeane uzoefu: kusafisha jina la mkopaji kwa mkopo au kadi yenye dhamana ya amana

Mdau wa Tandika

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna mtu anauliza atapataje mkopo tena baada ya jina kuchafuka, na majibu yanaishia kuwa vilio. Uzi huu uwe wa kazi. Anayeandika aseme jambo linavyofanyika: hatua, kiasi, makaratasi, na pale linapoharibikia. Ya "mimi walinifanyia hivi" yana uzi wake.

Naanza na msingi. Benki Kuu ilitoa kanuni za taarifa za mikopo mwaka 2012. Benki zinapeleka kumbukumbu za wakopaji wao, na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni (ndizo watu wanaziita CRB) kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet zinatengeneza ile taarifa ambayo afisa mikopo anaifungua kabla hajakujibu. Watu wanasema "nimewekwa kwenye orodha nyeusi", lakini kinachoonekana pale ni historia: mkopo wa nani, wa lini, salio kiasi gani, rejesho limechelewa siku ngapi. Hizo siku ndizo zenye neno. Zikizidi 90 mkopo unahesabika chechefu, yaani haulipwi inavyotakiwa, na hapo hata afisa anayekupenda hana la kukusaidia.

Hatua ya kwanza ni kuomba taarifa yako mwenyewe, na uombe kwenye kampuni zote mbili, maana zinaweza zisifanane. Nenda na kitambulisho cha NIDA. Usikope popote kabla hujaisoma.

Mama Riba

Asante mkuu. Niongeze namna ya kuisoma, kwa sababu wengi wanakimbilia ile alama ya mwisho na kuacha mistari.

Anza na jina na namba ya NIDA. Kisha pitia mkopo mmoja mmoja. Utakuta vitu vya aina tatu. Kuna deni la kweli ambalo hujalipa. Kuna deni ulilolipa lakini bado linasomeka lipo wazi. Na kuna deni usilolijua kabisa. Kila moja lina dawa yake, usiyachanganye kwenye barua moja.

Deni ulilolipa: rudi kwa aliyekukopesha, omba barua ya kumaliza deni yenye namba ya mkopo, tarehe ya rejesho la mwisho na salio sifuri. Mwambie pia arekebishe taarifa aliyoipeleka, kwa sababu kampuni ya taarifa haibadilishi kitu kwa kuoneshwa risiti tu, lazima imuulize mkopeshaji. Nakala ya malalamiko peleka kwa kampuni zote mbili za taarifa na gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, ila watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yenyewe, na wanataka kuona maandishi.

Deni usilolijua: mara nyingi ni udhamini. Ulimsainia shemeji fomu ya mkopo wa bodaboda, shemeji kaacha kulipa, deni linaweza kusimama kwako. Au ni laini ya simu. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Laini usiyoitambua ikiwa ilikopa kwenye simu, deni lina jina lako.

Kijana wa Mbagala

Hivi madeni ya kwenye simu nayo yanahesabika? Unazungumzia elfu tatu ya Songesha ya M-Pesa?

Mama Riba

Nyuma ya mikopo ya simu kuna benki, na benki inaripoti. Elfu tatu iliyolala miezi minne ni mkopo uliovuka siku 90, ukubwa wake haukutetei. Habari njema ni kwamba hayo ndiyo ya kulipa leo hii kabla ya jambo jingine lolote, yanaisha kwa pesa ya vocha.

Waliosoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nao wasijisahau. Aliyeajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi, lakini ukihama mwajiri usidhani makato yanakufuata yenyewe. Mpe mwajiri mpya namba yako na uangalie salipu ya mwezi wa kwanza.

Fundi Hesabu

Sasa tuje kwenye kichwa cha uzi. Kulipa madeni ya zamani kunasimamisha kuchafuka, lakini hakuweki kitu kipya mahali pake. Afisa anataka kuona marejesho ya karibuni yaliyoingia kwa tarehe. Na nani atakukopesha ili uyaoneshe? Hapo ndipo inapoingia dhamana ya fedha yako mwenyewe, ambayo maafisa wanaiita kash kava.

Unaweka amana ya muda maalumu benki, tuseme shilingi 1,000,000 kwa miezi 12. Benki inaishikilia, huwezi kuigusa, halafu inakupa mkopo wa sehemu ya fedha hiyo. Tuseme 800,000, kipindi kilekile cha miezi 12. Hatari ya benki inakaribia sifuri, kwa hiyo hata mwenye jina chafu anasikilizwa, japo si kila tawi.

Hesabu yake, kwa riba za mfano. Amana inalipa 7% kwa mwaka: 70,000. Serikali inakata zuio la 10% kwenye riba hiyo, unabaki na 63,000. Mkopo wa 16% kwa mwaka kwa salio linalopungua, rejesho ni kama 72,600 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni takriban 71,000. Ukitoa 63,000 unayopokea, gharama ya kusafisha jina ni kama 8,000, na juu yake uongeze ada ya mkopo na bima. Sijui njia nyingine halali yenye bei nafuu kama hiyo.

Lakini angalia hapa. Mkopo uleule wa 16% ukipigwa kwa mtindo wa riba isiyopungua, riba inakuwa 128,000 na rejesho linapanda hadi kama 77,300. Asilimia ni ileile kwenye bango, gharama imekaribia mara mbili. Kwa hiyo usimuulize afisa "riba asilimia ngapi?" peke yake. Muulize: "Nipe jedwali la marejesho." Ukiona riba ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa kumi na mbili ni sawa kwa shilingi, hiyo haipungui.

Maswali mengine ya kuuliza kabla ya kusaini:

Mkopo huu utaripotiwa kama mkopo wa kawaida? Ada ya kuandaa mkopo inakatwa juu ya 800,000 au naiongeza? Nikimaliza mapema kuna faini? Amana inaachiwa siku ngapi baada ya rejesho la mwisho? Hili la mwisho wengi hawaulizi, wanakuja kugundua amana imejiongeza yenyewe miezi mingine 12 kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku cha kuhuisha ambacho hakuna aliyekisoma.

Mtaa wa Kongo

Fundi umemaliza kazi. Mimi naongeza yanayoharibika.

Kosa kubwa ni kudhani amana inakulinda. Amana inailinda benki. Usipolipa mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, benki itakaa, kisha itakata kwenye amana na kufunga mkopo. Pesa yao imerudi. Lakini zile siku ulizochelewa zimeshaandikwa, na sasa una doa jipya juu ya la zamani, tena la mkopo uliokuwa na fedha yako ndani. Hilo doa afisa analisoma vibaya kuliko la mwanzo.

Kwa hiyo weka agizo la kudumu: akaunti ya kulipia ikatwe siku mbili tatu baada ya tarehe unayopata hela. Wafanyabiashara wa hapa Kariakoo msichague tarehe 5 kwa sababu tu fomu imeandikwa 5. Kama kodi ya fremu inatoka mwanzoni mwa mwezi, omba tarehe 20. Tarehe inabadilishwa kabla ya kusaini, baada ya hapo ni safari ya barua. Na kwenye akaunti ya makato acha zaidi ya rejesho: makato ya mwezi ya akaunti yakipita kwanza, rejesho la 72,600 linaikuta 72,000, linagonga mwamba, mtu anachelewa kwa mia sita.

Kosa la pili ni kumaliza mkopo mwezi wa pili ili "kuonesha uwezo". Unaonesha marejesho mawili. Uache utembee angalau nusu yake.

La tatu ni kuomba benki tano kwa wiki moja. Kila anayefungua taarifa yako anaacha alama, na mwenye alama tano anaonekana ana shida.

Bi Upanga

Na kadi je? Kichwa cha uzi kimetaja pia kadi ya mkopo.

Fundi Hesabu

Kadi inafuata mantiki ileile: unaweka fedha, inashikiliwa, kikomo cha kadi kinatokana nayo. Benki kadhaa za hapa mjini zinakubali hivyo kwa asiye na mshahara unaopitia kwao. Tofauti ni kwamba mkopo una rejesho moja lisilobadilika, kadi inategemea nidhamu yako. Kwa aliyechafua jina kwa kusahau tarehe, ningesema aanze na mkopo. Kadi baadaye.

Ukichukua kadi, zitenganishe tarehe mbili: ya kufunga hesabu ya mwezi, na ya mwisho ya kulipa. Ukilipa salio lote kabla ya tarehe ya kulipa, kwa kawaida manunuzi hayana riba. Ukilipa kiwango cha chini tu, huhesabiwi umechelewa, ila riba inaanza kukutafuna. Kikomo kikiwa 1,000,000 usiache hesabu ifungwe ukiwa umetumia zaidi ya 300,000. Na usitoe pesa taslimu ATM kwa kadi ya mkopo: kuna ada papo hapo, na riba kwa kawaida inaanza siku hiyohiyo bila ile nafasi ya manunuzi.

Kadi ya kawaida ya benki yenye nembo ya Visa au Mastercard, au ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, hazijengi historia ya mkopo. Hiyo ni pesa yako unaitumia.

Mbezi Juu

Kwa wenye watoto au ndugu Marekani, kule ndiko kadi ya mkopo yenye dhamana ya amana imekuwa njia ya kawaida kabisa ya kujenga jina. Amana mara nyingi ni dola 200 na kuendelea, na kikomo ni kiasi hichohicho. Alama ya FICO, ile wakopeshaji wengi wa kule wanayompimia mkopaji, ni kati ya 300 na 850: 35% inatokana na kulipa kwa wakati, 30% na kiasi unachodaiwa ukilinganisha na kikomo, 15% urefu wa historia, 10% maombi mapya, 10% aina za mikopo. Mgeni anahitaji akaunti iliyofikisha miezi sita ndipo alama ya FICO itoke. Malipo yaliyochelewa siku 30 ndiyo yanaanza kuripotiwa, na doa linakaa miaka saba. Sheria ya mwaka 2009 inazuia ada za mwaka wa kwanza kuzidi 25% ya kikomo, kwa hiyo kadi yenye ada lukuki ikataeni.

Historia ya Dar haivuki bahari, ya huko nayo hairudi. Aliyelipa vizuri CRDB miaka kumi, akifika Houston anaanza mwanzo.

Kijana wa Mbagala

Na sisi ambao milioni ya kuweka haipo? VICOBA tunalipa vizuri tu.

Mama Riba

Kikoba ni kizuri kwa mtaji, lakini usitegemee marejesho yako ya kikoba yaonekane benki. Kwenye SACCOS uliza kabla. Tumia kikoba kukusanya amana: benki nyingine zinapokea amana ndogo, na mkopo wa laki mbili uliolipwa kwa tarehe unasomeka vizuri kuliko kutokuwa na kitu.

Ukienda kwa taasisi ya mikopo isiyopokea amana, riba ya juu iliyowekwa na Benki Kuu ni 3.5% kwa mwezi. Anayekutajia 20% kwa mwezi ni kausha damu, na hata ukimlipa vizuri hakusafishi jina. Programu za mikopo vilevile: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zisizo na leseni. Inayoomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, iache. Hayo majina ndiyo watakayotumia kukudhalilisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa pa kushtaki, lakini mkwe atakuwa ameshasoma ujumbe.

Mtaa wa Kongo

Halafu kuna hawa vijana wanaoandika kwenye makundi ya WhatsApp "tunafuta jina CRB, laki moja na nusu, siku tatu". Taarifa ya kweli hakuna anayeifuta. Taarifa ya uongo unairekebisha mwenyewe kwa barua. Wanachofanya ni kuchukua NIDA yako, namba ya simu na picha, na hivyo ndivyo vitu vinavyotosha kukopea kwa jina lako.

Bi Upanga

Kama benki yenyewe ikifilisika na amana yangu iko ndani?

Fundi Hesabu

Bodi ya Bima ya Amana inafidia hadi shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana. Ila wakipiga hesabu wanaweza kuondoa kwanza unachodaiwa na benki hiyohiyo. Ukiwa na amana ya 1,000,000 na mkopo umebaki 300,000, tegemea 700,000.

Mdau wa Tandika

Mwenye fomu ya karibuni ya kuomba taarifa kutoka kampuni yoyote kati ya hizo mbili aibandike hapa, afute namba zake kwanza.