Muuzaji kasema samaki wanakaa pamoja bila shida, siku 9 wamebaki wawili. Kabla sijanunua tena naomba ushauri

Baba Junior wa Mbagala
Wakuu habari zenu. Mimi ni mgeni kwenye mambo ya samaki wa mapambo hivyo naomba msinicheke sana. Mwezi uliopita mwanangu alipasi mtihani nikamuahidi tangi la samaki, nikaenda duka moja mjini nikanunua tangi la kioo sm 40 kwa 25 kwa 25, jamaa akanipakia goldfishi wanne, papa wadogo wawili (wale weusi weusi wanaogelea kama papa kweli), wa njano watatu akasema ni wa Ziwa Nyasa, na yule wa kunyonya kioo mmoja akasema huyu ndo atakufanyia usafi. Nikamuuliza hawatabanana akasema hapana mzee samaki anakua kulingana na tangi lake. Akaniuzia na hita, Dar hii, Januari.

Siku ya 3 wakaanza kuja juu wanahema, nikampigia akasema badilisha maji yote na uoshe kila kitu, nikafanya, siku ya 5 wakafa goldfishi wawili, nikarudi akaniuzia dawa ya bluu, tangi likawa kama wino, siku ya 9 nimebaki na papa mmoja na mnyonya kioo. Mtoto kalia mpaka kalala bila kula.

Ss kuna mtu anauza tangi used la futi 4 na nalitaka. Nimerudi kwa yuleyule muuzaji anasema niweke Tropheus, Frontosa na Oscar pamoja "wote wakali wataheshimiana". Wakuu hii ni kweli? Natanguliza shukrani.

kitoweo_tu
Goldfishi wanne ungekaanga mapema mkuu usingepata hasara yote 😂

Mzee wa Filta
Achana na huyo hapo juu. Mkuu pole na pole kwa mtoto, wote humu tumeanza hivyohivyo, mimi wa kwanza niliwaua kumi na mbili.

Kwanza piga hesabu. 40 x 25 x 25 gawa kwa 1000 ni lita 25, ukitoa mawe na ile nafasi ya juu unabaki na lita 20, yani ndoo moja. Umeweka samaki kumi kwenye ndoo. Goldfishi ni ndugu wa kapi (carp, samaki wa kufugwa mabwawani), yule wa kawaida akitunzwa anafika sm 20 na zaidi na anaishi miaka 10 au 15. Hao "papa" si papa, ni jamii ya kambare kutoka mto Mekong kule Asia, jina lake Pangasianodon hypophthalmus, anavuka mita moja, ndo hawa ambao minofu yao inauzwa kwenye mafriji ya supamaketi. Umeuziwa kitoweo kweli, kitoweo_tu hajakosea sana.

Hiyo ya samaki kukua kulingana na tangi ni uongo mkongwe kuliko mimi. Anadumaa kwa sababu maji ni machafu na hana pa kugeukia, af anakufa mapema, na mwenye duka anasema umeona hakukua.

Sasa kilichowaua. Samaki anatoa amonia kwenye mashavu yake na kwenye kinyesi, chakula kilichobaki nacho kinaoza kinakuwa amonia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaishi kwenye sponji ya filta na kwenye mawe, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, damu inashindwa kubeba hewa, ndo maana unaona wanahema juu, kundi la pili linageuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina makali hayo na unaitoa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Hao bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kuzaana vya kutosha. Tangi lako lilikuwa na siku 3. Ukaosha kila kitu ukawaondoa wachache waliokuwa wameanza, ukajaza maji ya bomba yenye klorini, dawa ya bluu nayo inaweza kumalizia waliobaki. Hawakuwa wagonjwa mkuu, walikuwa wanaoga choo chao.

Kwa hao wawili waliobaki: usilishe leo na kesho, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji yaliyokaa ndoo wazi usiku mzima na pampu ya hewa ndani, sponji ya filta usiiguse, ikiziba suuza kwenye maji uliyochota humo humo tangini. Na hiyo hita chomoa, goldfishi mwenyewe anapenda maji ya baridi kuliko hayo ya Mbagala.

binti_wa_ujiji
Naongeza kuhusu hao anaotaka kukuuzia maana Tropheus na Frontosa ni wa kwetu, Ziwa Tanganyika, huyo Oscar ni wa Amazon huko. Maji ya Tanganyika ni magumu, yani yana madini mengi, na pH (kipimo cha tindikali, ikishuka maji yana tindikali zaidi) inakaa kati ya 8.5 na 9, ya Amazon ni laini na yana tindikali, ss atamfurahisha nani kati yao?

Halafu Tropheus anakula mwani anaoukwangua kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu, ukimlisha minyoo na nyama nyama kama Oscar tumbo linavimba anakufa, na ukichelewa kidogo wanafuatana kundi zima. Ni mgomvi pia, wakiwa wachache wanamtafuta mmoja wanampiga mpaka afe, watu wanaojua wanaweka kumi na zaidi ili kipigo kigawanywe. Frontosa yeye ni mpole wa kutembea taratibu ila anafika sm 30 na usiku anakula wadogo waliolala. Kuheshimiana gani hapo.

Na maji ya pH ya juu yana kitu kimoja ambacho wauzaji hawasemi, amonia ileile kidogo inakuwa sumu zaidi kuliko kwenye maji ya pH ya chini. Kwa hiyo wa kwetu hawa si wa kuanzia kwenye tangi changa.

Ukitaka wa Tanganyika kweli, na kwa mtoto, tafuta Neolamprologus multifasciatus. Dume halivuki sana sm 5, wanaishi ndani ya makombe ya konokono, kila mmoja na kombe lake, wanachimba mchanga wanalipanga wanavyotaka na ukimsogezea jirani karibu anagomba kama wapangaji wa uswahilini. Tangi la futi 2 linawatosha, la futi 4 utakuwa na kijiji. Usimchanganye na mwingine mkubwa.

Muuza Mapambo
Mimi nina duka, si la huyo bwana, na naomba niongee kidogo maana tunapigwa sana humu. Mteja anakuja na elfu 30 anataka tangi, samaki watano wa rangi tofauti na leo hii maana ni birthday. Ukimwambia nenda na tangi tupu urudi baada ya mwezi anatoka anaenda duka la pili. Ukimwambia nunua vipimo vya maji anasema unamuibia. Mimi samaki nakaa naye wiki moja, mbili, kwenye filta kubwa moja inayozungusha matangi yote, kwangu hafi, kwa hiyo hata kijana niliyemuajiri anaamini kabisa anachosema, hajawahi kumuona huyo kambare akiwa na mwaka mmoja.

Ila hiyo ya Oscar na Tropheus hapana, hapo jamaa alikuwa anamaliza stoku.

Mzee wa Filta
Muuza Mapambo umesema kweli, na hapo ndo penyewe. Baba Junior, kabla hujatoa hela muulize muuzaji jina la kisayansi la samaki, sio "papa" sio "wa njano". Akikupa, usinunue siku hiyo, nenda nyumbani ulitafute FishBase (tovuti ya taarifa za samaki), angalia vitu vitatu: urefu wake akiwa mkubwa, maji anayotoka, na anakula nini. Wale wako wa njano nahisi ni Labidochromis caeruleus, mbuna (samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa) wa upande wa Malawi, samaki mzuri tu ila anataka maji magumu na tangi la mita moja, sio ndoo ya pamoja na goldfishi. Dakika kumi za simu zingekuokolea yote hayo.

nahodha_mvita
Salaam kutoka Mombasa. Kaka yangu, huyo wa kunyonya kioo naye usimsahau, wengi wao wafika sm 40 na kupita, na usafi wake ni mdogo, yeye mwenyewe ndiye mchafuzi mkubwa humo ndani. Na ukichoka naye tafadhali usende kumtupa mtoni. Mexico na Florida waliingia kwa kutupwa hivyo hivyo au kutoroka kwenye mabwawa ya kufugia, sasa kuna maziwa Mexico ambako wavuvi wavua hao badala ya samaki wao.

Baba Junior wa Mbagala
Wakuu asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Papa kafa jana asubuhi kabla sijaona majibu, mnyonya kioo bado yupo, nimechomoa hita na nabadilisha robo robo. Tangi la futi 4 nimelichukua, mwenye nalo kanipa na filta yake yenye sponji kuukuu, nilitaka kuitupa nikakumbuka, nimeiweka kwenye ndoo ya maji ya tangi lake na pampu ya hewa ikae hai. Mtoto nimemwonesha video ya hao wa makombe, keshaanza kuwapa majina na hatujanunua hata mmoja.

Jana nilipita kwa yule muuzaji kumuuliza jina la kisayansi la mnyonya kioo. Kaniangalia weee, akasema "mzee, huyo anaitwa msafishaji".

Muuza Mapambo
😂😂 Mlete kwangu huyo, nina pondi nyuma ya nyumba.