Mwani umejaa bwawa la majitaka: tuuue au tuuvune?

Msimamizi wa Mabwawa (Mwanza): Habari zenu wataalamu. Ninasimamia mabwawa matatu ya kutibu majitaka ya shule ya bweni. Tangu kiangazi kianze, maji ya bwawa la mwisho yamekuwa ya kijani kiasi kwamba sahani nyeupe ikizamishwa shubiri moja haionekani tena. Kuna anayetushauri tutie dawa ili mwani ufe kabla maji hayajaingia mtoni, ilhali nimesikia kwamba mwani huohuo hufaa kwa mbolea. Nifuate lipi?

Fundi Majitaka: Ndugu, dawa usitie. Bakteria wanaomeng'enya uchafu huhitaji oksijeni, na mwani ndio unaowapatia mchana kutwa, wao wakiurudishia kabonidayoksaidi; ukiuua, utaozea humo humo, naitrojeni na fosforasi ulizofyonza zitarudi majini, na harufu itafika bwenini. William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliujengea ushirika huo mfumo kuanzia miaka ya 1950: mabwawa ya kina kifupi, sentimita 30 hivi, maji yakizungushwa taratibu ili kila seli ipate jua.

Mkemia wa Ziwani: Kuhusu dawa nakubali, ila tusimpe mwenzetu matumaini ya bure. Kijani hicho kikitoka na maji kwenda mtoni, fosforasi hamjaiondoa, mmeibadilisha nguo tu. Kazi iko kwenye kuvuna: lita 1,000 za maji ya bwawa kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mwani mkavu, na seli za Chlorella, aina ya mwani wa kijani, zenye upana wa mikromita chache, hupenya kitambaa. Shabu huzigandisha zikazama, lakini aluminiamu yake huishika fosforasi hata mmea usiipate kwa urahisi. Kwa mbolea ningejaribu kuzigandisha kwa unga wa mbegu za mlonge, kwanza kwenye ndoo. Tena, alasiri pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ikipita 9, sehemu ya naitrojeni huruka hewani kama amonia, nayo hamtaivuna kamwe.

Msimamizi wa Mabwawa: Ahsanteni sana. Je, nikimwagilia migomba maji hayo ya kijani bila kuvuna?

Mkemia wa Ziwani: Kwa shule, ningeanzia hapo hapo. Pimeni kwanza mayai ya minyoo, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka kikomo cha yai 1 kwa lita. Maji yapite mtaroni, yasirushwe juu ya majani, na bustani ya nyanya na mchicha isiguswe.