Ardhi ya umma ya kuwindia Marekani imejaa watu, kosa ni la mitandao?

Upinde_Magharibi
Wakuu habari zenu. Swali kwa mnaowinda huku Marekani, hasa majimbo ya magharibi. Hii hali ya ardhi ya umma mnaionaje? Mimi nawinda elki (wale paa wakubwa wa Marekani) kwa upinde Colorado, siku msimu unafunguliwa unafika alfajiri unakuta pikapu zimepaki mpaka barabarani, namba za majimbo ya mbali huko, unapanda mlima unapuliza filimbi ya kumwita dume anakuitikia jamaa mwingine naye ana filimbi yake 😂 Wenyeji wote lawama kwa YouTube na Instagram. Ni kweli au tunatafuta tu wa kumbebesha?

mzee wa mishale
Kweli tupu mkuu. Mtu anaposti pembe, nyuma yake kilele cha mlima kinaonekana vizuri kabisa, mwingine anakaa na picha za setilaiti jioni moja tu keshalijua bonde. Halafu hizi app za ramani kama onX, zamani kujua ardhi ya umma inaishia wapi na ya mtu inaanzia wapi ilikuwa mpaka uwe na ramani ya karatasi na bado unaingia kwa wasiwasi, sasa simu inakuonyesha mpaka na jina la mwenye shamba juu. Sisemi app mbaya, hata mimi ninayo, ila ule woga ndio ulikuwa unapunguza watu.

Hesabu_Kwanza
Jamani punguzeni. Mnaongea kana kwamba wawindaji wameongezeka, wakati miaka ya 80 nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni 16 na hesabu ya 2016 ikawakuta kama milioni 11.5. Shida ni wapi wanaenda. Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, huna hela ya kukodi shamba la kuwindia unafanyaje? Unaendesha kwenda magharibi, maana Nevada peke yake asilimia 80 hivi ni ya serikali kuu. Mitandao imewaonyesha njia tu, mlango wa nyumbani ulishafungwa kitambo.

Na msisahau hela. Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 inakata ushuru wa asilimia 10 au 11 kwenye bunduki, risasi na vifaa vya upinde, zinarudi majimboni kwa ajili ya wanyama. Wawindaji wakipungua nani analipa? Ndio maana majimbo yenyewe yanahangaika kuvuta wapya.

mzee wa mishale
@Hesabu_Kwanza hela sikatai, lakini anayevuta wapya kwenye video havuti kwa ajili ya wanyama bwana, anauza begi na koti. Na elki hawasomi takwimu, wakisikia vurugu siku mbili za mwanzo wanahamia ranchi za watu, wewe wa ardhi ya umma unabaki unazunguka na wenzako msituni. Kuwaona unawaona, ng'ambo ya seng'enge.

Dada_wa_Porini
Wote mna point ila serikali za majimbo zimeshaanza kubana. Colorado tangu 2025 mgeni wa jimbo lingine anayetaka elki kwa upinde upande wa magharibi haendi tena dukani kununua kibali kirahisi, anaingia droo, yaani anaomba na kusubiri bahati yake. Arizona nao tangu 2022 kamera za kutega porini marufuku kwa kuwindia. Mi naona hiyo ndo dawa, kumwambia mtu asiposti ni kujisumbua.

Upinde_Magharibi
Asanteni sana. Na zile ardhi za umma zilizozungukwa na ranchi, za Wyoming mfano, zimepangwa kama ubao wa drafti na vipande vya umma vinagusana kwenye kona tu, kuvuka pale kwenye kona kutoka kipande kimoja kwenda kingine ni halali sasa au bado kesi?

Dada_wa_Porini
Mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Kanda ya 10 iliwapa ushindi wawindaji Machi 2025, ukikanyaga kutoka kona ya umma kwenda kona ya umma bila kugusa udongo wa mtu huna kosa, na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya mwenye ranchi. Inashika majimbo sita, Wyoming na Colorado yako yamo. Montana haimo, huko usijaribu kwa sababu umeona video.

mzee wa mishale
Na hizo kona nazo zitajaa, subirini msimu ufike.