Tupeane uzoefu: wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu kodi na barabara za Jimbo la Kusini, Tanganyika, enzi za mkoloni?

Mchopa: Jana nimepita Nachingwea, nikaona tuta la reli ya zamani limemezwa na mikorosho. Nikamkumbuka babu, karani wa hazina ya Serikali ya Wenyeji, ile ya machifu na majumbe chini ya mkoloni. Kodi ilipelekwa serikali kuu, kikirudi kifungu tu, nacho kiliishia kwenye mishahara. Kila mwaka babu aliandika daraja kwenye makadirio, kila mwaka PC, mkuu wa jimbo, akalifuta kwa wino mwekundu. Kwenu?

Mjukuu wa Masasi: Umenitonesha, mkuu. Babu mzaa mama alikosa shilingi 10 za kodi ya kichwa. Matarishi wa jumbe wakaja jogoo la kwanza. Akajificha ndani ya kihenge, vumbi la mtama likampiga puani, akapiga chafya. Basi. Wakamtoa kwa miguu, wakamfunga kamba kiunoni, wakampeleka kambi ya barabara kugonga kokoto na kubeba makarai. Siku zake zikihesabiwa kwa alama za mkaa ubaoni. Siku moja mpita njia akamwambia kifungua mimba wake amefariki. Akaomba ruhusa akazike. Nyapara akasema haiwezekani, bwana mkubwa anapita na gari Jumatatu, mitaro bado. Alirudi nyumbani kaburi limeshaota majani. Mpaka anakufa hakukanyaga barabara ile. Alipita pembeni, majanini, hata mvua inyeshe.

Kimyakimya: Dah. Hiyo chafya.

Bint Lindi: Pole sana kaka. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mzee Kijana: Poleni, lakini tuseme kweli: barabara ipo. Mkoloni alikuwa na mpango.

Korosho Ghafi: Ipo kwa mgongo wa nani? Na mpango gani? Ule mradi wa mashamba makubwa ya karanga ulipangwa London kabla udongo wa Kongwa, kule Dodoma, haujajulikana, kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mradi ukafa 1951, pauni milioni 36 zimeteketea. Reli ikaendelea kujengwa mpaka Mtwara, karanga za kubeba hazipo!

Mzee Kijana: Na iliyofungwa 1962 ikang'olewa? Hapo mkoloni alishaondoka.

Korosho Ghafi: Ulitaka ibebe nini, upepo?

Shosho's Boy: Kwetu Murang'a, Kenya, hata makarai hayakuwepo, ni jembe tu. Shosho, yaani bibi yangu, alichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, asubuhi mbili kila wiki, shamba lake likingoja. 1948 akina mama wakaenda mpaka kwa DC wakiimba na kucheza: hatuchimbi tena. Shosho akisimulia hapo anasimama na kucheza kabisa.

Bint Lindi: Anayetaka ukweli aende Nyaraka za Taifa, Upanga. Kuna vitabu vya wilaya.

Kimyakimya: Utasoma aliyoandika DC. Babu yetu humo ni mdaiwa tu. Rekodini wazee kwa simu.

Mzee Kijana: Wazee nao wanatia chumvi.

Mjukuu wa Masasi: Babu hakutia. Kovu la kamba nimelishika kwa mkono wangu.

Korosho Ghafi: Mchopa, babu yako alikosea kuandika. Angeandika "daraja la gari la PC", lingejengwa kabla ya masika. Hivi lilijengwa?

Mchopa: Kuna magogo mawili. Masika tunavua viatu.